Mbio kwenye Barabara Ngumu na Gari Unaloendesha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Tukisema "barabara ngumu", tunamaanisha barabara gani?

Ni njia yoyote inayolitesa gari kuliko lami laini: changarawe zilizolegea, mawe yaliyochomoza, tope, vumbi la kuzamisha rimu, theluji, barafu, mchanga wa jangwani, mito ya kuvuka. Mashindano ya Dunia ya Rali (WRC) hupita karibu kwenye zote hizo ndani ya msimu mmoja. Monte Carlo ni lami yenye barafu mwezi Januari, Sweden ni theluji, Safari Rally ya Kenya ni vumbi na mawe, Acropolis ya Ugiriki ni mawe na joto, na Finland ni changarawe za kasi zenye vilima vinavyolirusha gari hewani.

Lami nayo inaweza kuwa ngumu. Nordschleife, njia ya Nürburgring huko Ujerumani iliyofunguliwa mwaka 1927, ina urefu wa kilomita 20.8, na ni kupanda, kushuka na kuruka karibu mwanzo hadi mwisho. Sebring, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ni uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, na sehemu ya njia yake bado ni mabamba ya saruji ya enzi za Vita Kuu ya Pili. Timu zinazojiandaa kwa Saa 24 za Le Mans, mbio za uvumilivu huko Ufaransa, zimekuwa zikienda kujipima Sebring kwa miaka mingi, ingawa Le Mans yenyewe ni laini zaidi. Zinafuata huo mtikisiko hasa.

Viwanda vina wahandisi, kompyuta na viwanja vya majaribio. Mbio zinaongeza nini?

Zinaongeza mtu asiyelihurumia gari. Dereva wa majaribio akisikia mlio asioujua husimama, akaandika ripoti. Dereva wa rali akisikia mlio uleule hukanyaga mafuta, kwa sababu mpinzani yuko nyuma yake kwa sekunde nne. Gari linafikishwa mahali ambapo hakuna ratiba ya majaribio ingelifikisha, na likivunjika linavunjika mbele ya watu. Tarehe ya rali inayofuata haisogezwi, kwa hiyo jibu litapatikana baada ya wiki chache, si mwaka ujao.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ni kujua kitu gani kinavunjika kwanza. Kila gari lina sehemu yake dhaifu kuliko zote. Ukiimarisha mkono wa chini unaoshika gurudumu, mzigo unahamia kwenye boliti. Ukiimarisha boliti, unahamia kwenye bodi yenyewe, na bodi ikipasuka gari limekwisha. Mhandisi mzuri huchagua mnyororo huo ukatike wapi. Hutaka kiharibike kitu cha bei ndogo, kinachobadilishwa haraka, ambacho kikipinda dereva bado anaweza kushika usukani akafika. Mpangilio huo ni vigumu kuukisia mezani, na barabara mbovu huuonyesha kwa siku moja. Wahunzi walishasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa wahandisi wa rali, hapo ndipo uhunzi unapoanza.

Mbio za saketi na rali zinafundisha mambo tofauti?

Ndiyo. Saketi, yaani njia ya mbio ya kuzunguka, hurudia kona zilezile, kwa hiyo inafaa kupima breki, injini na mkondo wa upepo kwa usahihi mkubwa. Rali hupita kona moja mara moja au mbili tu, juu ya uso unaobadilika kila gari likipita. Hapo kinachopimwa ni uwezo wa gari kuvumilia jambo lisilotarajiwa, na ndiyo hali inayokaribia zaidi maisha ya gari la kawaida.

Haya yote si matangazo ya biashara tu?

Sehemu yake ni matangazo, tusidanganyane. Kampuni huingia kwenye mbio kuuza magari, na bajeti ya rali mara nyingi hutoka idara ya mauzo. Ukisoma kwamba gari fulani la familia "limezaliwa kwenye rali", uliza ni kifaa gani hasa kimetoka huko. Mara nyingi jibu ni jina, rangi na usukani wenye nyuzi nyekundu.

Hata hivyo kuna mambo yenye ushahidi, na sehemu inayofuata inayataja kimoja kimoja.

## Sehemu kwa sehemu

Shokapu na springi zimefaidika vipi?

Hapa ndipo penye mengi. Springi hubeba uzito na kupokea pigo. Shokapu huizuia springi isiendelee kudunda, na hufanya hivyo kwa kugeuza mtikisiko kuwa joto, pale mafuta yaliyomo ndani yanaposukumwa kupita kwenye matundu madogo. Kwenye barabara yenye mawimbi madogo ya mfululizo, kazi hiyo haipumziki. Mafuta yanachemka, yanakuwa mepesi, yanachanganyika na hewa na kutoa povu. Shokapu ikijaa povu imekufa kwa muda: gurudumu linaruka badala ya kushika njia, na gari linaanza kutangatanga barabarani hata usukani ukiwa umenyooka.

Rali zilisukuma majibu yake mbele. Gesi ya naitrojeni hutiwa ndani kwa mgandamizo ili povu lisipate nafasi, chupa ya pembeni huongezwa ili mafuta yawe mengi na yapoe, na mwishoni mwa safari ya shokapu huwekwa kizuizi cha mafuta kinachopokea pigo polepole badala ya kipande cha mpira kinachogonga ghafla. Hicho cha mwisho ndicho kinachonivutia zaidi. Vizuizi vya namna hiyo vilitumika kwenye magari ya rali muda mrefu, na Citroën ikaviweka kwenye C4 Cactus ya mwaka 2018, gari la kawaida kabisa, ili abiria wasitikiswe.

Somo jingine huwashangaza wengi: gari la rali la changarawe si gumu. Lina springi laini kiasi na shokapu yenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, maana tairi lisilogusa ardhi halipigi breki, halikati kona wala halivuti. Wanaodhani gari la kimichezo lazima likuumize mgongo wameiga magari ya saketi.

Vumbi na maji vinahusianaje na gari la mjini?

Vumbi laini likiingia ndani ya injini husaga silinda, na kabla ya hapo huziba chujio la hewa na kuipunguzia injini nguvu. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, vumbi hilo limezipa kazi timu ambazo msimu wote uliobaki hazina shida nalo. Utaona magari yamefungwa bomba refu la kuvutia hewa karibu na paa, kwa ajili ya vumbi na kwa ajili ya mito.

Maji nayo hutafuta nyaya. Kompyuta ya injini, vitambuzi na viungio vya umeme ambavyo vimezama, vikapigwa na mawe na kutikiswa siku tatu mfululizo huonyesha upesi ni mpira gani wa kuzibia haufai na ni waya gani umepitishwa mahali pabaya. Gari la mjini linapopita kwenye dimbwi la mvua linahitaji uzibaji wa aina hiyohiyo, kwa kiwango kidogo zaidi.

Je, ni kweli kwamba mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne umetokana na rali?

Haukubuniwa kwenye rali. Rali ndiyo iliyowafanya watu waukubali kwenye magari ya kawaida. Subaru ilikuwa tayari ikiuza Leone ya aina hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na magari ya kazi ya porini yalikuwa nao zamani. Lakini wengi waliamini kwamba mfumo huo ni mzito na mgumu mno kwa gari dogo la kasi.

Majira ya baridi ya 1976 kuingia 1977, wahandisi wa Audi wakiwa kwenye majaribio huko Skandinavia waliona Volkswagen Iltis, gari la kijeshi lenye injini dhaifu, likiwaacha magari yenye nguvu zaidi kwenye theluji. Jörg Bensinger akapendekeza mfumo huo uwekwe kwenye gari la kawaida. Audi Quattro ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1980, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye rali. Hannu Mikkola alishinda nayo Sweden, kisha Michèle Mouton akashinda Sanremo, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mzunguko wa mashindano ya dunia. Mwaka 1982 Audi ikatwaa taji la watengenezaji. Baada ya miaka michache, gari la kuvuta kwa magurudumu mawili lilikuwa halina nafasi ya taji kwenye rali kuu.

Kazi ngumu iliyofuata ilikuwa kugawa nguvu. Ukifunga difu zote, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu, gari halitaki kukata kona. Ukiziacha huru, gurudumu moja linazunguka bure kwenye tope. Ushindani ukazaa difu zinazobana kwa kadiri, kisha zinazoongozwa na kompyuta. Mitsubishi iliuza Lancer Evolution IV mwaka 1996 ikiwa na difu ya nyuma inayoweza kupeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu moja ili kulisaidia gari kugeuka. Magari mengi ya leo ya kupanda milima kidogo na kwenda kazini yana ukoo na fikra hiyo.

Breki za diski zilitoka kwenye mbio?

Zilipita kwenye mbio zikitokea kwenye ndege. Dunlop na Jaguar walizijaribu hadharani mwaka 1952 kwenye C-Type, Stirling Moss akiwa dereva, katika Mille Miglia, mbio za takriban kilomita 1,600 kwenye barabara za kawaida za Italia. Hawakumaliza mbio hizo. Mwezi uliofuata Moss alishinda mbio za Reims, Ufaransa, na mwaka 1953 Jaguar ikashinda Le Mans. Kufikia 1955 Citroën DS ilikuwa inauzwa ikiwa na diski mbele.

Na matairi?

Rali za mawe zimefundisha kwamba tairi hukatika ubavuni kuliko linavyotobolewa kwenye kashata, ndiyo maana ubavu wa tairi la changarawe ni mnene. Tunda linalowafikia watu wengi zaidi ni kitambuzi cha upepo. Porsche 959, gari lililoendelezwa sambamba na kazi ya kampuni hiyo kwenye Paris–Dakar, mbio ndefu za jangwani, na kushinda mbio hizo mwaka 1986 likiendeshwa na René Metge, liliuzwa likiwa na mfumo wa kumwambia dereva kwamba tairi linapungua upepo. Leo taa hiyo ndogo ya njano iko kwenye magari ya bei ya chini kabisa.

Giaboksi ya klachi mbili ina uhusiano na rali?

Kidogo. Porsche ndiyo iliyoitumia sana kwenye saketi katika miaka ya 1980, na Audi ikaijaribu kwenye Sport quattro S1 ya rali katikati ya miaka hiyo. Madukani ilifika mwaka 2003 kwenye Volkswagen Golf R32. Karibu miaka ishirini ikapita kati ya mbio na duka, na muda mrefu kama huo si ajabu.

## Mashindano yanayotajwa sana

Kwa nini Safari Rally inatajwa kila inapozungumziwa uimara wa gari?

Kwa sababu iliua magari mengi. Ilianza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kwa miongo kadhaa ilikimbiwa kwenye barabara zilizo wazi kwa watu wote, mvua za masika zikinyesha. Mwaka 1963 walimaliza saba. Mwaka 1968 walianza 93, wakamaliza saba tena. Magari yalifungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama na taa za ziada za kumulika pembeni.

Kasi peke yake haikutosha pale. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo PV544, kisha 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, zote kwenye Datsun, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Peugeot 504 ilishinda 1975. Angalia majina hayo ya magari: Volvo ya umbo la zamani, Datsun, Peugeot ya familia. Si magari ya kuota usiku. Yalikuwa na kitu kimoja: yaliweza kukarabatiwa kando ya njia na kuendelea. Fundi akihitaji saa nzima kuifikia boliti iliyokatika, rali imekwisha, na mwenye gari wa kawaida akihitaji saa hiyohiyo anailipia.

Hata baadaye, magari yalipokuwa ya kisasa, timu zilikuwa zikijenga gari maalumu la Safari, zito na imara kuliko la rali nyingine. Ford Focus WRC ilishinda pale mwaka 1999 katika rali yake ya tatu tu tangu izaliwe, na dereva alikuwa Colin McRae, mtu ambaye hakuwa na sifa ya kuyabembeleza magari.

Kampuni za Japani zilianzia wapi?

Mfano mzuri ni Australia. Toyota ilipeleka Crown kwenye mashindano ya Mobilgas ya kuizunguka nchi hiyo mwaka 1957, na mwaka 1958 Nissan ikapeleka Datsun 210 mbili, moja ikashinda katika daraja lake. Wakati huo Japani yenyewe ilikuwa na barabara chache nzuri, na kampuni hizo zilikuwa hazijui magari yao yatavumilia nini ugenini.

Dakar inafundisha nini ambacho rali ya kawaida haifundishi?

Joto na umbali. Mbio hizo zilianza Desemba 1978 kutoka Paris, zikahamia Amerika Kusini mwaka 2009 na Saudi Arabia mwaka 2020. Gari hukaa kwenye mchanga kwa saa nyingi likiwa kwenye gia ya chini, injini ikivuta sana huku upepo wa kupooza rejeta ukiwa mdogo. Kitakachokufa hapo ni mfumo wa kupooza, na hali hiyo inafanana sana na gari lililopakia mzigo likipanda mlima polepole. Kuhusu umeme jangwani, tazama swali la magari ya umeme hapa chini.

Nürburgring ni lami. Kwa nini kampuni nyingi zinakwenda huko?

Kwa sababu kwenye duru moja kuna kona za kila namna, vibonde vya kulibana gari chini kwa kasi kubwa na mahali pa kulirusha, bila nafasi ya kulipumzisha. Tatizo ni kwamba muda wa duru umegeuzwa sifa ya kuuzia, na baadhi ya magari yanafungwa springi ngumu ili yapate sekunde pale na yanakuwa mateso kwingine. Njia ni nzuri. Tatizo liko kwa wanaotazama saa tu.

## Kutoka mbioni hadi dukani

Gari la rali ninaloliona ni lile linalouzwa?

Inategemea mwaka na daraja. Kanuni za Kundi B, daraja la juu la rali la miaka ya 1980, zilidai magari 200 tu yatengenezwe, ndiyo maana yalikuwa majitu yasiyofanana na gari la mtu yeyote. Baada ya ajali mbaya, ikiwemo iliyowaua Henri Toivonen na Sergio Cresto huko Corsica Mei 1986, kundi hilo likafutwa. Kundi A likachukua nafasi, likidai magari 5,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Hapo kampuni ililazimika kuuza gari lenye moyo uleule wa rali, na enzi hiyo ndiyo iliyotupa Lancia Delta Integrale, Toyota Celica GT-Four, Subaru Impreza na Lancer Evolution. Ukiniuliza, hakuna kanuni iliyowafaidi wanunuzi kuliko hiyo.

Leo magari ya daraja la juu, Rally1, yanajengwa juu ya fremu ya mabomba tangu 2022. Sura ni ya gari la dukani, mifupa siyo. Ukitaka kuona uhusiano wa karibu, tazama daraja la Rally2 lililo chini yake, linaloanzia kwenye bodi ya gari linalouzwa. Toyota GR Yaris ya mwaka 2020 ni mfano wa pekee: nyuma inatumia msingi wa gari kubwa zaidi kuliko Yaris ya kawaida, injini ni ya silinda tatu lita 1.6 yenye turbo, na timu ya rali ilishirikishwa tangu mchoro.

Kinachojifunza ni gari au ni watu?

Zaidi ni watu, na hili halionekani kwenye picha. Mhandisi aliyewahi kumtazama fundi akilala kwenye tope kubadilisha giaboksi huku saa ikihesabu dakika hatachora tena boliti iliyofichwa nyuma ya egzosi.

## Maswali magumu

Ni mambo gani ambayo mbio haziwezi kufundisha?

Kutu, kwanza. Gari la rali hufunguliwa hadi mifupa baada ya mashindano, na shokapu zake hufanyiwa matengenezo kila mara. Gari lako linatakiwa likae miaka mingi bila mtu kulifungua. Mbio pia hazijui bei: sehemu inayodumu kwa sababu imetengenezwa kwa titaniamu haikusaidii. Wala haziwajui abiria wa nyuma, kelele za ndani, kiti cha mtoto, au dereva asiyebadilisha oili kwa wakati.

Ndiyo maana kampuni makini hutumia rali kugundua udhaifu, kisha hurudi kwenye uwanja wake wa majaribio na mashine za kutikisa gari mchana na usiku ili kuthibitisha dawa yake itadumu.

Kompyuta hazijachukua kazi hii?

Zimechukua sehemu kubwa. Lakini kompyuta huhesabu mizigo uliyoiingiza, na mizigo hiyo lazima ipimwe kwenye barabara halisi kwa vitambuzi vilivyofungwa kwenye gari. Jiwe lililogeuzwa na gari lililotangulia halimo kwenye programu hadi mtu aligonge.

Magari ya umeme na ya mseto yanapata nini huku?

Yanapata maswali mapya. Betri ni nzito, iko chini ambako mawe yanagonga, na haipendi joto. Magari ya Rally1 yalibeba mfumo wa mseto wa kilowati 100 kuanzia 2022, ukaondolewa kabla ya msimu wa 2025, kwa hiyo somo hilo lilikatizwa njiani. Upande wa Dakar, Audi RS Q e-tron ilishinda mwaka 2024 ikiendeshwa na Carlos Sainz: magurudumu yalizungushwa na mota za umeme, na injini ya petroli kazi yake ilikuwa kuzalisha umeme tu. Kuilinda betri isipate joto kali wala mapigo ya matuta ya mchanga ni elimu ambayo gari lolote la umeme linaloendeshwa nje ya lami litaihitaji.

Gari fulani limeshinda rali. Ninunue toleo lake la dukani?

Ushindi usiwe sababu ya kwanza. Soma tena swali la kama gari la rali ni lile linalouzwa, kisha uliza mambo ya kawaida: vipuri vinapatikana? Fundi analijua? Gari limeinuka kiasi gani kutoka ardhini?

Nikifunga shokapu za rali kwenye gari langu, litakuwa imara zaidi?

Huenda likawa dhaifu zaidi mahali pengine. Shokapu ngumu na ndefu kuliko za asili hupeleka mapigo kwenye bushi, boljointi na viti vya shokapu kwenye bodi, sehemu ambazo hazikuimarishwa. Timu ya rali ikibadilisha shokapu huongeza na mabati ya kuimarisha pale zinaposhika. Kama barabara zako ni mbovu, anza na shokapu mpya za kiwango cha mtengenezaji, matairi yenye ubavu mnene na upepo sahihi, na bamba la chuma chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Kisha mwambie fundi akague boliti za mikono ya chini kila anapobadilisha oili.